Kabla ya kupiga taarabu kwenye AM, isikilize kwa redio ndogo

Simu ya kwanza usiku ule ilitoka Kibokoni, Mombasa. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, sauti ya upole. "Mwanangu, hujambo? Leo muimbaji yuwapi? Nasikia udi na fidla tu." Nikamjibu kwa heshima kwamba muimbaji anaimba, maana mimi kwenye hedifoni nilikuwa nikimsikia vizuri kabisa. Akasema, "Hapa kwangu haimbi." Sijaweka simu chini, ya pili ikaingia na neno lilikuwa lile lile.

Nilikuwa nikitayarisha kipindi cha taarabu za zamani kilichorushwa kwa masafa ya kati, yaani AM. Wimbo ule niliuhamisha mwenyewe kutoka kwenye kaseti ya stirio kuingia kompyuta. Waya mmoja ulikuwa umechomelewa kinyume, kwa hivyo sauti ya kushoto ilikuwa ikivuta wakati ya kulia inasukuma. Kwenye hedifoni hulijui hilo. Mimi hata niliona muziki umepanuka, nikaupenda. Lakini kituo kilirusha kwa mono, kushoto na kulia zikichanganywa kuwa sauti moja. Kilichokuwa sawa pande zote mbili kikafutana, na kwenye kaseti nyingi kilicho sawa pande zote mbili ni sauti ya muimbaji. Ala zilizowekwa pembeni zikabaki. Mama wa Kibokoni alisema kweli tupu.

Tangu siku hiyo wimbo wowote huuchanganya kuwa mono kabla haujaingia kwenye kipindi, nikausikiliza kwa spika moja ndogo, ya ukubwa wa kiganja. Nawe ukipewa kipindi cha muziki AM, anza na hilo. Spika kubwa za studio zitakudanganya.

Jambo la pili ni wembamba wa njia yenyewe. Huku kwetu Afrika vituo vya masafa ya kati hupangwa kila kilohezi 9. Sauti hubebwa pande zote mbili za wimbi, kwa hivyo inayopita bila kumgusa jirani ni kama kilohezi 4.5 tu. FM hupitisha hadi 15. Sasa fikiria taarabu ya Mombasa ndani ya njia hiyo. Udi hupita, na sauti ya mtu hupita vizuri sana. Fidla hupoteza ukali wake kidogo tu. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, huanza kufifia, ule mng'aro wa nyuzi ukipigwa hauupati. Rika, yaani tari dogo, ndiyo inayoumia zaidi: vile vibati vyake vinavyolia viko juu kuliko mlango, hubaki mchakacho tu. Dumbaki nayo, ile ngoma ya mkono, kwenye redio ndogo, "dum" yake humezwa ukasikia "tak" peke yake.

Mimi nilihangaika miezi nikiongeza trebo, yaani sauti za juu, ili niirudishe rika. Hairudi. Unachopata ni kila "s" ya muimbaji kugeuka mchanga. Acha trebo. Ukitaka kusaidia, inua kidogo penye kilohezi 2 hadi 3, ndipo maneno yanapokaa, na taarabu bila maneno yake imebaki nini?

Kwa hivyo chaguo la nyimbo ndilo kazi kubwa. Nimegundua sahani za kale za santuri hazipotezi kitu. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na mitambo ya enzi hizo yenyewe haikunasa sauti za juu sana. Ukizipiga AM zinatoka karibu kama zilivyo. Zuhura Swaleh hupenya vizuri, sauti yake iko mbele na imekaza. Juma Bhalo hali kadhalika. Taarabu za siku hizi zenye kinanda cha umeme na besi nzito nimejaribu mara nyingi, hutoka zimevimba na kuchoka. Hizo waachie FM, ndiko zilikozaliwa.

Usiku ni habari nyingine. Jua likishatua, tabaka la anga linalomeza mawimbi haya mchana hutoweka, na vituo vya mbali hurudi kutoka juu. Baada ya Isha utasikia Kiarabu au Kihindi kikipita nyuma ya wimbo wako. Kwa hivyo usifungue kipindi cha usiku kwa taksimu ndefu, yaani utangulizi wa ala bila kuimba, ya udi peke yake, hata ikiwa tamu vipi, itazama. Wimbo unaoanza na kundi zima ndio wa saa hiyo. Ile taksimu itie mchana, ila wakati wa masika, maana radi huikatakata. Wala usiache kimya kirefu kati ya nyimbo: kwenye AM kimya hujazwa na kelele.

Utaniuliza, kwa nini basi kuhangaika, na simu nyingi hupokea FM tu? Sababu ni bahari. Mawimbi ya masafa ya kati hutambaa, na juu ya maji ya chumvi hutambaa mbali sana, wakati FM hukatika ukishapita upeo wa macho. Nahodha mmoja aliwahi kunipigia akiwa amerudi nchi kavu, aniambie wimbo gani ulikatwa na taarifa ya habari wiki iliyopita. Alitaka nimalizie. Msikilizaji kama huyo hafanyiwi mzaha.

Na msikilizaji pia asaidiwe. Mama wa Kibokoni alipiga tena, miezi baadaye, redio yake inanguruma. Nikaenda. Ilikuwa juu ya kabati, imeegemea chaja ya simu na taa ya LED. Nikachomoa chaja, ngurumo ikapungua nusu. Ndani ya redio kuna kijiti cheusi cha feraiti, ndiyo antena ya AM, nacho kina upande: ncha yake ikielekea mtambo wa kituo hakishiki kitu. Nikaanza kumweleza huku naizungusha redio polepole hadi uso wake ukaelekea dirishani. Akaniinulia mkono ninyamaze. Wimbo ulikuwa umeingia, na muimbaji alikuwa akiimba.