Cheti gani cha Linux? Anza na seva utakayoishika

Wadogo zangu mnaomaliza vyuo hapa Tanga, mkiniuliza cheti cha kuanzia cha Linux, mfumo endeshi unaoendesha seva nyingi, nami huwauliza: matangazo ya kazi mnayoyasoma yanataja mfumo gani? Yakitaja Red Hat, kampuni yenye toleo lake la Linux, jibu ni RHCSA, cheti chake cha usimamizi wa mfumo. Yakisema Linux tu, pana nafasi ya kuchagua.

LPIC-1, cheti cha shirika la LPI, haifungamani na kampuni moja. Ina mitihani miwili, 101 na 102, kila mmoja maswali 60 kwa dakika 90, nacho cheti hudumu miaka 5. Ni njia nzuri ya kupata upana. Ila ni mtihani wa kuchagua na kujaza majibu, na mtu aweza kuupita bila kuwahi kuiokoa seva iliyogoma kuwaka. Kwa hiyo mimi huelekeza watu kwenye mitihani ya vitendo: LFCS ya Linux Foundation, ya saa 2, ambayo ada yake ina nafasi ya kurudia mara moja, au hiyo RHCSA ya saa 3, ufaulu alama 210 kati ya 300.

Kwenye RHCSA amri si tatizo kubwa, amri zinakaririka. Shughuli ipo kwenye kuwasha upya. Kila ulichotengeneza lazima kiwepo mashine ikiwaka tena. Umefungua huduma kwenye ukuta wa ulinzi wa mtandao kwa amri ya firewall-cmd ukaacha --permanent, neno la kuihifadhi? Imepotea. Umekosea herufi ndani ya /etc/fstab, faili la diski za kuunganishwa mashine ikiwaka? Mashine inakwama njiani, na hata uliyoyapatia hakuna wa kuyaona. Kazini ni vivyo hivyo: umeme ukatike usiku Ngamiani, UPS ichoke, asubuhi seva itafuata kilichoandikwa kwenye diski. Nao wanaoizima SELinux, ulinzi wa ndani wa Linux, ili mambo yaende, tunawasafishia makosa sana. Msijizoeze.

Kabla ya kulipa hata senti, weka AlmaLinux au Rocky Linux, zote bure na zinakwenda sambamba na Red Hat. Laptopu yenye RAM ya GB 8 inabeba mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) mbili ndogo. Chukua orodha ya mada za mtihani, fanya kila mada, washa upya, kagua. Ukiona unamaliza bila kutafuta msaada nje ya kurasa za man, yaani maelezo ya amri yaliyomo ndani ya Linux, lipa. Maswali ya wizi yanayouzwa mitandaoni achaneni nayo. Ukigundulika unanyang'anywa cheti, na kwenye mtihani wa vitendo hayakufikishi mbali.

Ukifanyia mtihani nyumbani, msimamizi anakutazama kwa kamera. Meza iwe tupu, chumbani asiingie mtu, na Red Hat hukutaka uwashe kompyuta kwa flashi yenye mfumo wao, basi ijaribu siku kadhaa kabla. Waambie wa nyumbani mapema. Intaneti ya mtaani kwako ikiwa ya kusuasua, omba chumba ofisini kwa mtu mwenye faiba na jenereta.