Nyuroni zipo zote, mbona msuli umedhoofu?

Swali: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili, na utafiti wangu unatumia panya waliopandikizwa jeni ya binadamu ya SOD1 yenye badiliko la G93A, ambao huugua ugonjwa unaofanana na ALS, ugonjwa wa binadamu unaoua nyuroni za mwendo, yaani seli za neva zinazoamrisha misuli. Wakifika siku 50, nikisisimua neva ya mguu, mwitikio wa umeme kwenye msuli wa mbele ya muundi umeshapungua. Ila nikihesabu nyuroni za mwendo kwenye uti wa mgongo, idadi ni sawa na ya panya wazima. Je, nimekosea kuhesabu?

Jibu: Marahaba. Hesabu yako naiamini, kwa sababu ndivyo panya hawa wanavyougua: ugonjwa huanzia nchani, pale neva inapogusa msuli. Mwaka 2004 Fischer na wenzake waliwafuatilia kwa umri. Kufikia siku ya 47 ncha za neva zilikuwa zimeshaanza kuachana na msuli. Kati ya siku ya 47 na ya 80, nyuzi za neva zikapotea kwa wingi kwenye mzizi wa mbele wa uti wa mgongo. Miili ya seli, hiyo unayoihesabu wewe, ilipungua baada ya siku ya 80.

Jaribio linaloniumiza kila nikilifundisha ni la 2006. Gould na wenzake waliondoa kwa panya hawahawa jeni ya Bax, inayosukuma seli kujiua. Nyuroni hazikufa, lakini neva ziliendelea kuachia msuli. Nyuroni iliyo hai bila msuli haimsaidii mgonjwa kuinua hata kikombe cha chai.

Sasa, mwitikio mdogo peke yake haukwambii kama ncha imeachia, au bado imeshika ila haimwagi asetilikolini, kemikali inayopeleka ishara kwenye msuli, ya kutosha. Sisimua neva mfululizo, mara 3 kwa sekunde. Mwitikio ukizidi kushuka mpigo hadi mpigo, zipo ncha zinazoshindwa kufikisha ishara. Ukiwa mdogo tangu mwanzo na haushuki, shuku zaidi ncha zilizokwisha kuachia. Kisha tazama kwa darubini: tia rangi vipokezi vya asetilikolini vilivyo kwenye msuli kwa alfa-bungarotoksini, sumu ya nyoka inayovinasa barabara, na neva kwa kingamwili zake. Vipokezi visivyofunikwa na neva vimeshatelekezwa. Vilivyofunikwa nusu viandikie safu yake, usivichanganye na vizima, maana hapo neva ama inaondoka ama inarudi, na hilo ndilo ningependa sana kuliona kwenye data yako.

Uchaguzi wa msuli nao una uzito. Neva zinazoendesha nyuzi za msuli za kasi, zinazochoka upesi, huachia kwanza. Za nyuzi za polepole hustahimili. Msuli wa soleus, ulio nyuma ya muundi na wenye nyuzi nyingi za polepole, unaweza kukuonyesha panya mzima siku hiyohiyo ya 50. Pima misuli yote miwili, mguu uleule.

Na kabla ya yote, hakiki idadi ya nakala za jeni kwa kila panya. Nakala zikipungua kizazi hadi kizazi, ugonjwa huchelewa, nawe ukijaribu dawa utadhani imefanya kazi.