Jeki juu au chini? Majibu kwa wanaoegesha gari-nyumba msimu mzima

Msimu wa safari ukiisha, maswali huja kwa mkupuo, na mengi ni swali moja lililobadilishwa maneno tu. Nimechagua machache kuhusu jeki za kusawazisha, ile miguu iliyofungwa chini ya gari-nyumba ili likae sawa na litulie likiegeshwa. Anayeandika mara ijayo aseme jeki zake ni za haidroliki, za mota ya umeme au za kuzungusha kwa mkono. Mtu akiandika "jeki zangu zina shida" na kuishia hapo, ananitaka nipige ramli.

*Fundi, naegesha gari-nyumba kwa miezi mitano. Jeki za haidroliki niziache zimeshuka au nizipandishe?*

Zipandishe zote, hadi mwisho. Jeki ikishuka, rodi yake ya kromu inabaki nje, wazi kwa unyevu, vumbi na chumvi. Taratibu kromu hupata vidoa, vidoa vinakuwa vishimo, na siku ukiipandisha vishimo hivyo vinapita kwenye sili, yaani mpira unaozuia oili isitoke, na kuikwaruza. Hapo oili inaanza kuvuja, nawe unaanza kumlaumu aliyekuuzia gari. Rodi iliyorudi ndani ya silinda imefunikwa na haina shida hiyo.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Oili hupungua ujazo kwenye baridi na kutanuka kwenye joto, na valvu hazizuii kila tone. Ukiziacha jeki zimebeba gari kwa miezi, moja itanywea kuliko nyenzake, chesisi, yaani fremu ya gari, itajipinda kidogo, na utarudi ukute mlango umekaza. La tatu ni betri. Ikifa jeki zikiwa chini, pampu haifanyi kazi na gari halitoki hapo mpaka uichaji au ujue kufungua valvu kwa mkono.

Halafu wapo wanaosema springi za gari zitachoka jeki zisipolibeba. Springi ziliwekwa pale kubeba uzito huo huo mchana na usiku. Ziache zifanye kazi yake. Kitabu cha mtengenezaji wako kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

*Lakini bila jeki gari litakuwa limeinama. Si vibaya?*

Vibaya kwa nani? Hakuna anayelala humo. Friji ya gesi ndiyo inayodai sakafu iliyo sawa, kwa sababu amonia ndani yake hurudi chini kwa uzito wake yenyewe, na hilo ni pale friji inapowaka tu. Ikizimwa haijali, ilimradi umeacha mlango wake wazi isiote ukungu. Mimi hata napendelea gari liiname kidogo ili maji ya mvua yasituame juu ya paa. Mwenye karavani ya kuvutwa apandishe pua kidogo, basi. Pimamaji irudi kabatini.

*Nataka kuinua gari kwa jeki ili matairi yasiguse chini na kupata ubapa. Niinue kiasi gani?*

Usiinue hata kidogo. Swali hili limeniudhi mwaka baada ya mwaka. Jeki za kusawazisha zimetengenezwa kuondoa tofauti ndogo ya ardhi matairi yakiwa bado chini. Kwenye gari-nyumba nyingi hendibreki inashika magurudumu ya nyuma, moja kwa moja au kupitia propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Ukiyainua, breki inashika hewa. Gari zima linabaki juu ya rodi ambazo hazikuundwa kuhimili msukumo wa pembeni. Upepo mkali ukija, au ardhi ikilainika kwa mvua, rodi inapinda na gari linakwenda.

Matairi yana dawa rahisi zaidi. Yajaze upepo yakiwa ya baridi, usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni. Weka chini yake mbao pana kuliko sehemu inayokanyaga, kusiwe na ukingo wa tairi unaoning'inia. Yafunike jua lisiyafikie. Ukiweza, sogeza gari kidogo mara moja moja. Ubapa mdogo huisha tairi likipata joto barabarani.

Na mkiwa hapo ubavuni, someni tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya magari haya mara nyingi huzeeka kabla hayajalika. Mnanunua mapazia mapya huku mkitembelea matairi yaliyopasuka ngozi.

*Gari likiwa juu ya jeki zake, naweza kuingia chini dakika tano tu?*

Hapana. Hata moja.

*Karavani yangu ina jeki za mkasi kwenye pembe nne. Na hizo?*

Hizo ni za kuzuia mtikisiko, haziinui kitu. Zipandishe. Kama eneo lina upepo mkali, zishushe ziguse ubao tu bila kubeba uzito. Ekseli na springi ndizo zinazobeba. Kabari za magurudumu ziwekwe kabla hujaifungua karavani kwenye gari linaloivuta. Wanaoziweka baadaye wanajua wenyewe wanachokimbiza.

*Nipake rodi grisi kabla ya kuzipandisha?*

Grisi inakamata vumbi, na vumbi ni msasa kwa sili. Futa kwa kitambaa safi, puliza silikoni kidogo, futa tena, pandisha. Oili ipime jeki zote zikiwa juu na vyumba vya pembeni, vile vinavyosukumwa nje gari likiegeshwa, vimeingizwa ndani. Ukipima zikiwa chini utaona imepungua, utaongeza, na zikipanda itamwagika. Mifumo mingi hutumia oili ya gia otomatiki, lakini soma kitabu chako. Oili ya breki usiiguse, inaharibu sili.

*Mwenye uwanja anasema nishushe jeki ili gari lisibingirike.*

Mwambie kuna kabari.

*Jeki moja hushuka yenyewe baada ya siku kadhaa. Nifanyeje?*

Kama ni ya kurudishwa na springi, angalia springi kwanza. Imelegea au imekatika. Kama springi ni nzima, valvu inapitisha, na hiyo ni kazi ya fundi kabla ya safari. Taa ya onyo la jeki kwenye dashibodi isikudanganye, kwani swichi yake nayo huharibika. Kabla ya kuondoa gari shuka, lizunguke, uzione jeki zote kwa macho.