Wadogo zangu, msianze na moshi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alifika kwangu hapa Glasgow na chupa mbili ndani ya mfuko. Moja Ardbeg, wiski ya Scotland yenye ladha ya moshi; nyingine Redbreast, wiski ya Ireland isiyo na moshi. Kafurahi, kajipanga, kazilipia kwa pesa ya zamu zake za usiku. Kabla sijatoa glasi kabatini, Ardbeg ilikuwa imeshafunguliwa. Akamimina, akanywa, akafumba macho kwa raha. Kisha kwenye glasi ileile akamimina Redbreast, akaonja, akasema, "Kaka, hii ya Ireland haina kitu."

Niliweka glasi yangu mezani. Maneno yale nayajua vizuri. Niliwahi kuyatamka mwenyewe, tena mbele ya mtu ambaye hakustahili kuyasikia. Nitafika huko. Ila huyu ni wa tatu mwaka huu, na wote watatu ni vijana wenye pua nzuri kuliko yangu, kwa hiyo nimeona niandike yote mara moja badala ya kurudia sebuleni kila mwezi.

1. Umri si alama za mtihani.

Namba iliyo kwenye chupa ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, basi. Ukichanganya pipa la miaka 12 na la miaka 30, chupa itaandikwa 12. Na pipa ndilo lenye kazi kubwa. Pipa lililojazwa mara nne halina tena cha kutoa, hata uiache wiski humo miaka ishirini.

Mwenzetu mmoja alipopandishwa cheo alinunua chupa ya miaka 18, asilimia 40 ya pombe, boksi lake ndani lina kitambaa laini kama cha kuzikia mfalme. Tukaiweka sambamba na Bunnahabhain 12 ya asilimia 46.3, chupa zimefichwa jikoni, hakuna anayejua glasi ipi ni ipi. Watu watano kati ya sita walichagua Bunnahabhain, na mwenye boksi alikuwa mmoja wao. Tulimpenda zaidi siku ile, maana alipoonyeshwa chupa hakubisha hata neno moja. Alichukua kalamu akaandika kwenye daftari lake.

Kwa wapenda moshi ndiyo kabisa. Moshi hupungua kadiri wiski inavyokaa pipani, kwa hiyo Lagavulin 8 ya asilimia 48 inaweza kukukata kiu ya moshi kuliko ndugu yake wa miaka 16 wa asilimia 43. Na zile namba za fenoli, kemikali za moshi, mnazotambiana kwenye wiski ya Octomore hupimwa kwenye kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, kabla ya kukenekwa (kuchemshwa na kukusanywa mvuke wake), si kwenye glasi yako.

2. Rangi msiisikilize.

Sheria ya Scotch, yaani wiski ya Scotland, ya mwaka 2009 inaruhusu kuongeza vitu viwili tu: maji, na karameli ya kupaka rangi. Ireland nao wanaruhusiwa karameli. Ukitaka kujua kama weusi ule umetoka kwenye pipa lililowahi kuwa na sheri, divai ya Hispania, au kwenye ndoo ya karameli, tafuta picha ya lebo ya chupa hiyohiyo inayouzwa Ujerumani. Kule lazima waandike "mit Farbstoff", yaani ina rangi ya kuongezwa. Hiyo inatosha.

3. Mpangilio.

Hapa ndipo naomba mnisikilize.

Miaka yangu ya mwanzo hapa niliishi ghorofa ya tatu kwenye jengo la zamani la mawe, na juu yangu aliishi mzee wa kutoka Cork. Alikuwa amefanya kazi ya ujenzi Glasgow maisha yake yote. Mimi nilimwita Mzee, na nilipomweleza kuwa kwetu ni jina la heshima alilipenda, akawa anajitambulisha hivyo akigonga mlango: "Ni Mzee." Alinifundisha kuwasha boila. Majira ya baridi ya kwanza alinipa koti lake zito, akasema yeye amezoea.

Wakati huo ndiyo nilikuwa nimeugua Islay, kisiwa cha Scotland cha wiski za moshi. Mnaijua hali hiyo. Kila pauni ilikwenda kwenye moshi, na kila mtu aliyeingia nyumbani alipewa hotuba ya moshi. Usiku mmoja wa Novemba nilikaribisha marafiki wawili. Tulikuwa tumekula mishkaki na pilipili ya kukaanga, tumekunywa Laphroaig, tumehamia kwenye Ardbeg Uigeadail, ile ya asilimia 54.2. Midomo inawaka. Nikamkumbuka Mzee, nikapanda kumwita.

Akashuka na chupa yake. Alikuwa ameifunga kwenye taulo la jikoni la mistari ya bluu, akaifungua taratibu kama mtu anayefungua mtoto nguo za baridi. Redbreast 12. Wiski ilikuwa chini kidogo ya mabega ya chupa. Alituambia aliifungua siku ya harusi ya binti yake, na tangu hapo anaigusa siku maalumu tu. Sikumuuliza kwa nini leo ni siku maalumu. Alinimiminia kwanza mimi, mwenyeji, kwenye glasi yangu. Glasi hiyohiyo ya Uigeadail, sikuisuuza. Nikanywa kama ninavyokunywa maji ya bomba, nikasema, kwa sauti, mbele ya wageni: "Hii haina kitu. Ni kama maji ya sukari."

Marafiki zangu wakacheka. Mzee hakucheka wala hakukasirika. Alitazama glasi yake, akaimaliza. Akarudisha kizibo, akakizungusha mara mbili kuhakikisha kimekaa, akalikunja taulo juu ya chupa kama lilivyokuwa. Akatuaga wote kwa majina. Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi, polepole, hadi mlango wake ukafungwa.

Aliendelea kunisalimia kwenye ngazi kama kawaida. Ila hakugonga tena akasema "Ni Mzee," na chupa ile sikuiona tena. Mwaka uliofuata, baada ya Pasaka, alihamia kwa binti yake Cork. Nilimbebea masanduku hadi kwenye teksi, na hata hapo sikusema lolote, kwa sababu bado sikujua nimefanya nini. Niliamini nilitoa maoni yangu ya kweli.

Baada ya kama miaka miwili, mwenzangu wa kazini alinipa glasi moja alasiri, sijala chochote chenye viungo, glasi safi, chupa kaificha. Nikanusa. Zabibu kavu, kungumanga, njugu zilizokaangwa. Nikaonja, ikakaa mdomoni kama mafuta, ikatelemka na joto la tangawizi, na utamu wake haukuisha upesi. Nikaanza kukisia: Speyside ya Scotland, pipa la sheri, kitu cha bei. Akaitoa chupa. Redbreast 12, asilimia 40, ileile. Nilikaa na glasi ile karibu saa nzima. Nilipotoka nikapiga namba ya Mzee. Haikupatikana. Binti yake simjui hata jina la ukoo wa mumewe.

Sasa hesabuni makosa. Niliiweka wiski ya asilimia 40 nyuma ya asilimia 54.2. Niliiweka isiyo na moshi nyuma ya moshi. Nilitumia glasi chafu na ulimi wenye pilipili. Na baada ya hayo yote nikatoa hukumu, tena juu ya nchi nzima. Wiski haikuwa na nafasi ya kujitetea, na aliyeileta hakuwa na sababu ya kuitetea.

Kwa hiyo utaratibu wa kwangu ni huu, na ndiyo maana nakuwa mkali: nyepesi kabla ya nzito, asilimia ndogo kabla ya kubwa, moshi mwisho kabisa. Glasi moja kwa kila wiski, iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Mkate mkavu na maji katikati. Mililita 15 za kila wiski zinatosha, na wiski aina nne kwa kikao ndio mwisho. Ya tano pua haiisikii. Moshi ukishaingia, siku hiyo umekwisha, hamrudi nyuma.

4. Linganisheni vinavyolingana.

Mtu anachukua Jameson ya kawaida, anaiweka na Talisker 10, halafu anatangaza Scotland imeshinda. Jameson ile ni blendi, yaani mchanganyiko, ina wiski ya nafaka nyingine ndani. Talisker ni kimea kitupu cha kiwanda kimoja, asilimia 45.8. Blendi ipeni blendi mwenzake. Bushmills ya kimea ya Ireland ipeni Auchentoshan ya Scotland, maana zote mbili zimekenekwa mara tatu, na hapo ndipo mtaona ule wimbo wa "Ireland mara tatu, Scotland mara mbili" haufiki mbali. Hazelburn ya Campbeltown, Scotland, nayo ni mara tatu. Connemara ya Ireland ni mara mbili, tena ina moshi wa piti, udongo wa kinamasi unaochomwa kukausha kimea.

Redbreast, Green Spot na Powers John's Lane zenyewe ni poti stili, yaani wiski ya chungu, na hiyo ni ya Ireland yenyewe. Ndani ya chungu kimoja kuna shayiri iliyooteshwa na shayiri mbichi, kila moja isipungue asilimia 30. Shayiri mbichi iliongezeka kwa sababu ya kodi: mwaka 1785 kimea kilianza kutozwa, wakenekaji wakapunguza kimea. Yale mafuta yanayokaa mdomoni na ule ukali wa viungo vinatoka kwenye shayiri mbichi. Mimi kila nikiinusa Green Spot nakumbuka kwamba miaka ya 1980, kabla kiwanda cha Cooley hakijaanza mwaka 1987, kisiwa kizima kilibaki na viwanda viwili tu, Midleton na Bushmills. Wiski hii ilikaribia kupotea. Leo viwanda ni makumi, na nyie mnapita rafu ya Ireland bila kugeuza shingo.

5. Pesa.

Msinunue chupa nzima ya kitu ambacho hamjawahi kuonja. Changeni. Chupa ya sentilita 70 kwa watu sita ni sentilita 10 kila mmoja, na 10 zinabaki kwa mwenye nyumba. Au nendeni baa mkalipie glasi moja.

Scotland hakuna "nunua mbili upunguziwe", ilipigwa marufuku mwaka 2011, kwa hiyo msizunguke maduka kuitafuta. Dukani pombe inauzwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku. Wanaorudi nyumbani Dar au Nairobi, forodha inawaruhusu lita moja ya pombe kali bila ushuru, kwa hiyo chagueni vizuri hiyo lita, na pale uwanja wa ndege someni asilimia kabla ya kusoma jina. Majina ya kule ni marefu na wiski mara nyingi ni ya asilimia 40.

Minada ya mtandaoni ndiyo inanitia hofu kuliko yote. Bei ya nyundo, ile ya mwisho kutajwa mnadani, siyo bei utakayolipa. Weka kamisheni, kodi juu ya kamisheni, na usafiri. Halafu kuna bandia. Mwaka 2018 maabara ya SUERC pale East Kilbride, mwendo mfupi tu kutoka hapa, ilipima chupa 55 za wiski adimu, na 21 zikaonekana ama ni bandia moja kwa moja au hazikukenekwa mwaka ulioandikwa. Hao waliozinunua ni watu wazoefu wenye pesa zao. Wewe wa zamu za usiku, kaa mbali kwanza. Kijana mmoja aliniambia anataka chupa ya Port Ellen ya kabla kiwanda hakijafungwa mwaka 1983, "kama uwekezaji". Nilimwomba kwanza anitajie ladha tatu za Springbank 10. Hakuweza. Tukaenda kuinywa Springbank.

6. Mengineyo, haraka haraka.

Chupa isimame, kizibo kisiloane. Iwe mbali na dirisha. Ikifika chini ya theluthi, imalizeni na marafiki, hewa inaila. Maji ongezeni kwa tone, si kwa mkupuo. Wiski ya nguvu ya pipa, isiyopunguzwa kwa maji kiwandani, kama Aberlour A'bunadh, ukiinywa bila maji inakuchoma tu, hujaionja bado. Marashi msipake siku ya kikao. Funguo za gari ziacheni nyumbani, kiwango cha pombe kinachoruhusiwa kwa dereva Scotland ni kidogo kuliko England tangu Desemba 2014, na nimeona mtu akipoteza leseni na kazi kwa glasi alizodhani ni chache.

Yule kijana wa Jumamosi nilimwambia hukumu yake siipokei, pua yake imeshalala. Hakuelewa, ila ni msikivu. Redbreast yake ameiacha kwangu. Imesimama kabatini, pembeni ya glasi sita nilizozisuuza leo asubuhi. Jumamosi ijayo saa kumi jioni tunaanza nayo, ya kwanza kabisa. Mje hamjala pilipili, na Ardbeg ibaki kwenye mfuko mpaka niseme.