Kabla hujapenda rangi, tazama tumbo la gari

Mpwa wangu amepata kazi katika hoteli moja Watamu, na tangu mshahara wa tatu uingie hana hadithi nyingine ila gari. Kila jioni simu yangu inalia. "Khaloo, itazame hii, ina rangi mbili." "Khaloo, rimu hizi umeziona?" Namwelewa sana. Kijana wa miaka 24 anayetoka zamu usiku, akasimama Gede kungoja matatu ya kumrudisha Malindi, ana haki ya kutamani usukani wake mwenyewe. Ana haki pia ya kutaka gari zuri. Mimi si katika watu wazima wanaowaambia vijana kwamba uzuri wa gari ni upuuzi. Lakini gari langu la kwanza nililinunua kwa macho peke yake, na naona vijana wengi hapa mjini wakiifuata njia ileile niliyopita.

Mwaka 2016 nilinunua Toyota Vitz nyekundu ya mwaka 2005, ile ya umbo la pili, injini ya cc 996. Muuzaji alikuwa Mombasa. Gari lilikuwa limeshushwa chini, rimu pana, redio ya kutikisa vioo, na tumboni lilipakwa rangi nyeusi mbichi iliyokuwa iking'aa. Niliinama mara moja, nikauona ule weusi, nikafurahi. Nikasema moyoni, mwenye gari hili ni mtunzaji. Nikatoa shilingi 430,000, akiba yangu ya miaka minne ya kushona nguo za harusi.

Masika ilipoanza, zulia la upande wa dereva likawa halikauki. Nikaenda kwa fundi mmoja mtaa wa Barani. Akalifunua zulia, akachukua bisibisi, akaikandamiza kidogo tu, ikatokea chini. Akaniangalia, akasema, "Dada, hapa hapana bati. Hapa pana rangi." Maneno hayo sijayasahau mpaka leo. Ile rangi ilipakwa juu ya kutu, ikaufungia unyevu ndani, na chumvi ikaendelea kula bati kimyakimya huku mimi naosha na kung'arisha juu. Kuchomea bati jipya kulinigharimu 85,000, na gari halikunyooka tena: ukiachia usukani linavuta kushoto. Baada ya miezi kumi na minne niliiuza kwa chini ya nusu ya pesa niliyotoa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia mpwa wangu, na ninalokwambia wewe, ni hili: gari dogo la bei nafuu huku kwetu haliuliwi na injini. Linauliwa na chumvi. Injini hizi ndogo za Kijapani ni imara, ukizibadilishia oili kwa wakati zitakwenda miaka. Lakini sisi tunaishi ufukweni. Wakati wa kusi upepo unatoka baharini mchana kutwa, na ukiegesha gari mtaa wa karibu na pwani, asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo unaonja chumvi. Hiyo hiyo imeingia kwenye maungio ya milango, kwenye bomba la ekzosi, kwenye mabomba ya breki. Mabomba ya breki ndiyo yanayonitisha zaidi, kwa sababu yanapita chini kabisa, ni membamba, na hakuna anayeyatazama mpaka siku breki inapokosekana.

Halafu kuna jambo ambalo wageni hawalijui na wenyeji tunalisahau. Visima vyetu vingi maji yake yana chumvi. Waosha magari wengi wanatumia maji hayohayo. Unalipa uoshewe gari, kumbe unachooshewa ni chumvi. Uliza maji yanatoka wapi kabla hujampa mtu ufunguo. Mimi huosha tumbo la gari kwa maji ya mfereji, yale yanayotoka Baricho, kila baada ya wiki mbili, na kila mara nikirudi kutoka Ngomeni au Gongoni kwenye mashamba ya chumvi. Siku mfereji umekauka, nasubiri. Afadhali gari lenye vumbi. Na usithubutu kuteremsha gari kwenye mchanga wa bahari ili upige picha maji yakiwa yametoka. Najua picha zinapendeza. Usithubutu.

Ukienda kutazama gari, nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji, na mlipe nauli na siku yake. Gari lipandishwe kwa jeki au liingizwe kwenye shimo. Aguse kwa bisibisi kingo za chini ya milango, sakafu, sehemu springi zinapokalia, na kitako cha buti baada ya kuinua tairi la akiba. Mwenye gari akikataa bisibisi, rudi nyumbani. Tumbo lililopakwa rangi mpya wiki ya kuuzwa si dalili ya utunzaji. Mimi leo nikiona chuma cha chini kikavu, chenye vumbi la kawaida na rangi yake ya kiwandani iliyochakaa, ndipo roho yangu inatulia. Kama unaweza, tafuta gari lililokaa bara, Nakuru au Eldoret. Vitz yangu ya pili, ya mwaka 2012, ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Nakuru. Nilipanda basi usiku kucha kwenda kuitazama, na ninayo hadi sasa.

Lipi ulichukue? Nitasema ninayoyajua. Kwa kijana wa Malindi naweka Vitz na Toyota Passo mbele, kwa sababu spea zake zipo hapahapa mjini, na fundi yeyote chini ya mwarobaini ameshazifungua mara mia. Vitz ya cc 996 ina pistoni tatu, kwa hiyo ikisimama kwenye foleni inatetemeka kidogo. Ndivyo ilivyoumbwa. Ikitetemeka mpaka dashibodi inalia, raba za kushikilia injini zimekwisha. Yangu inanipa kama kilomita 17 kwa lita nikienda Mombasa, safari ya kilomita 120 hivi, yaani lita saba. Mpwa wangu kwenda Watamu na kurudi ni kama lita tatu kwa siku. Nimempa kalamu apige hesabu ya mwezi mzima, halafu aipige tena kila EPRA, mamlaka ya nishati, inapotangaza bei ya mafuta tarehe 14.

Mazda Demio ile iliyotoka mwaka 2014 ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho yangu, na Wajapani wenyewe waliipa taji la gari bora la mwaka. Lakini spea zake nyingi utaziagiza Mombasa, na bampa yake ya mbele iko chini. Matuta yetu yataibusu. Honda Fit ni mkombozi kwa mwenye biashara. Tangi lake la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma vinakunjika juu na kuacha nafasi ya kusimamisha keki ya harusi au ndoo za samaki. Kama ni haibridi, ile inayotumia petroli na betri ya umeme pamoja, mimi ningemwambia kijana asubiri kwanza awe na pesa ya kuhimili betri.

Usione haya kununua gari dogo, wala usikubali mtu akwambie ni gari la kike. Vitz ya kwanza ya mwaka 1999 ilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, na ilipouzwa Ulaya kwa jina la Yaris ilitajwa gari bora la mwaka 2000. Watu walikaa wakafikiri jinsi ya kumpa mtu wa kawaida kitu kizuri. Mimi hilo linanigusa, kwa sababu kazi yangu ya kushona ni hiyohiyo.

Sasa giaboksi, maana hapa ndipo pesa inapozama. Magari mengi madogo ya miaka hii yana giaboksi ya CVT. Haina gia za kupanda ngazi. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kujibana. Mkanda ule unaishi kwa oili yake maalumu. Karakana moja iliniwekea oili ya giaboksi ya kawaida, na ndani ya wiki mbili gari likaanza kunguruma bila kwenda, hasa likipata moto. Bahati fundi wangu aliiwahi, akaimwaga na kuisafisha mara mbili. Tangu siku hiyo nanunua oili mwenyewe, naipeleka mkononi, na nasimama pale mpaka chupa iishe. Ukijaribu gari la kununua, usizunguke mtaa ukarudi. Liendeshe nusu saa, lipate moto, halafu simama na uondoke polepole mara kadhaa. Likishtuka au injini ikipiga kelele mbele ya mwendo, achana nalo.

Kama unaagiza kutoka Japani, sheria ya Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 ilikuwa la 2018 kuja juu. Hapo pana jambo la kufikiria: Japani iliacha jina la Vitz mwaka 2020, sasa wanaiita Yaris, kwa hiyo Vitz za kuagiza zinaelekea ukingoni. Omba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari linapouzwa mnadani Japani, usitosheke na picha. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni alama ya kunyooshwa, na S ni kutu. C ni kutu iliyokwisha kula. Gari lililopewa daraja la R au RA liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Kule kaskazini mwa Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, kwa hiyo gari linaweza kushuka bandarini likiwa na ugonjwa wetu tayari. Na redio zao zinaanza 76 na kuishia 90 au 95; bila kifaa cha kubadilisha masafa hutapata stesheni zetu nyingi. Kijana akisikia hilo ndiyo anashtuka, kuliko kutu!

Namba ya gari isikudanganye. Inaonyesha lilisajiliwa Kenya lini, si lilitengenezwa lini. Linganisha namba ya chasisi na logibuku, na pesa ya mwisho usiitoe mpaka uhamisho umekubaliwa kwenye akaunti yako ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani inayosajili magari. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Kubwa zaidi ya hiyo ni uamuzi wako, ila kwa gari la mkopo usiikwepe.

Urembo nao una wakati wake. Weka pembeni sehemu moja kwa tano ya pesa uliyonayo, na miezi mitatu ya kwanza itengeneze gari: tairi, breki, oili, raba. Tairi zetu huuliwa na jua kabla ya kuisha meno. Soma tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka zilipotengenezwa. Ikibaki pesa, ndiyo rimu. Lakini usilishushe. Pita barabara ya Marafa baada ya mvua na gari lililoshushwa, utanikumbuka. Mimi nilishona vitambaa vya viti vyangu mwenyewe, kahawia na uzi mweupe, shilingi 3,500 za kitambaa, na hakuna kitu ninachosifiwa zaidi na abiria wangu.

Jumamosi tunakwenda Mtwapa kutazama Passo moja ya rangi ya maziwa. Mpwa wangu ameshaniomba nisiseme neno lolote kuhusu rangi, nimemkubalia. Fundi wa Barani anakuja nasi, na nimemuona jana akiifuta ile bisibisi yake.