Kabla hujamlipa mwalimu wa karate: kuwafunza walezi wa wazee wanaopiga

Dada, nimesoma maelezo yako yote. Kwa wanaopita tu: ana nyumba ndogo ya kutunza wazee hapa Malindi, walezi wake wanapigwa na kukwaruzwa, mmoja ameng'atwa mkono, na kuna mwalimu wa karate anayetaka kuwapa mafunzo ya siku mbili ya "kumdhibiti mgonjwa". Anauliza amlipe au asimlipe, na kama hamlipi, awafunze nini.

Mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili kabla ya kurudi nyumbani, na siku hizi nawafunza walezi wa majumbani, wengi wao wakiwatunza Wataliano wastaafu. Jibu langu ni usimlipe. Si kwamba karate ni mbaya. Mzee wa miaka themanini mwenye dimensia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na ufahamu, ana mifupa inayovunjika kwa kuvutwa tu, na mlezi aliyefunzwa kukunja mkono ataukunja. Mtu hutumia kile alichofunzwa.

Anza na daftari. Kila mzee anapompiga mtu, mlezi aandike saa, nani alikuwepo, nini kilitangulia, mzee alifanya nini na nini kilifuata. Kata kabisa maneno kama "alikuwa mkali bila sababu". Baada ya wiki chache utaona ngumi nyingi zinatua wakati mmoja: anapoogeshwa, anapovuliwa nguo, anapobadilishwa pampasi. Yaani wakati mikono ya mtu mwingine iko mwilini mwake na hajui ni ya nani.

Nilikuwa na mlezi aliyekuwa akipigwa na Mtaliano mmoja kila asubuhi bafuni. Alikuwa mzee mpole mchana kutwa. Nilisimama mlangoni nikatazama: anavuliwa fulana kupitia kichwani, macho yamefunikwa, halafu kata ya kwanza ya maji baridi inamwagwa utosini, na mlezi anamwambia kwa Kiswahili "tulia mzee". Kiswahili ambacho mzee huyo alijifunza ukubwani kilikuwa kimeshamtoka, na Kiingereza pia. Lugha zilizokuja baadaye mara nyingi ndizo hutangulia kuondoka. Tukabadilisha: shati la vifungo, maji ya vuguvugu, kuanzia miguuni, taulo mabegani muda wote, kata aishike mwenyewe, na maneno machache ya Kitaliano yaliyoandikwa ukutani. Ngumi hazikwisha zote, lakini mlezi aliacha kuingia bafuni akitetemeka, na hilo peke yake linamtuliza mzee, maana wanatusoma usoni hata pale maneno yanapowapotea.

Na kuna suala la kuona haya, jamani. Bibi wa Kiswahili aliyejisitiri maisha yake yote anavuliwa na kijana wa kiume, halafu tunaandika "mgonjwa ana fujo". Hapo hakuna cha kutibu. Badilisha mlezi.

Jioni ina mambo yake. Wazee wengi wenye dimensia huchafukwa jua likizama, na huku kwetu jua huzama kwa haraka, kiza kinaingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima. Sasa tazama ratiba yako: nina hakika zamu zenu hupokezana saa hiyo hiyo. Nyuso ngeni zinaingia, zinazojulikana zinachukua mikoba na kuondoka, mlango unafunguliwa na kufungwa, na siku stima ikipotea ndiyo basi tena. Peleka kupokezana saa kumi na moja, washa taa kabla ya kiza. Mzee mwingine anapigania mlango kwa sababu amesikia adhana ya magharibi, na miaka sitini saa hiyo amekuwa akienda msikitini. Ukimwambia "mlango umefungwa, kaa chini" umejitakia. Mpe maji atawadhe, mtandikie msala, au tembea naye hadi getini mrudi. Usimsahihishe. Akisema anamsubiri mamake, muulize mamake alikuwa akipika nini.

Mabadiliko ya ghafla ni jambo jingine. Mtu aliyekuwa mtulivu juzi na leo anarusha sahani, usimwite mwalimu yeyote, mwite daktari. Maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa choo siku kadhaa, kukaukiwa maji joto la kaskazi likipamba, jino, maumivu asiyoweza kuyataja. Kwa mwenye kisukari, sukari ikishuka humfanya mtu mgomvi kabisa, na Ramadhani wapo wanaofunga kwa siri. Mlezi ajue kupima sukari na joto kabla ya kulaumu tabia. Wala usikimbilie vidonge vya kulaza. Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya kwamba dawa za kutibu uchizi, ambazo wazee hupewa ili watulie, huongeza hatari ya kufa kwa wazee wenye dimensia. Kuna wakati daktari huzihitaji, lakini uamuzi ni wake, si wa mlezi aliyechoka saa nane usiku.

Baada ya hayo yote ndipo uje kwenye mwili. Wafunze kusimama kiubavu, umbali unaozidi urefu wa mkono, mikono ionekane, njia ya mlango iwe wazi kwa wote wawili. Anayezungumza awe mmoja tu; watatu wakipiga kelele "tulia! tulia!" wanaongeza moto. Akikushika kifundo cha mkono, toka kwa upande wa kidole gumba chake, hapo ndipo mshiko ni dhaifu. Akishika nywele, usivute. Bana mkono wake kichwani pako kwa viganja vyako ili usivutike, halafu mwenzako amsaidie kuachia. Aking'ata, sukuma kuelekea mdomoni kidogo badala ya kuvuta, kwa sababu ukivuta nyama inachanika. Mitandio ya pini chini ya kidevu, hereni za kuning'inia na kamba ya kitambulisho shingoni viachwe nyumbani. Vaeni mtandio wa kuvutika unaotoka ukivutwa. Na kurudi nyuma ukatoka chumbani, ikiwa mzee hana la kujiumiza nalo, ni mbinu halali. Fulana ikibadilishwa baada ya nusu saa hakuna aliyekufa.

Ya kutofanywa kamwe yaandikwe ukutani: kumlaza mtu kifudifudi, kumkalia mgongoni au kifuani, kumshika shingo, kumfunga kwa leso kitandani. Uingereza, David Bennett alifariki 1998 katika kliniki ya magonjwa ya akili Norwich akiwa amebanwa kifudifudi na wauguzi. Wale walikuwa watu wa kazi, si wahuni. Kifua kikibanwa, pumzi inakatika, na mtu anayeweza kusema "siwezi kupumua" bado anaweza kufa dakika hiyo. Hapa kwetu Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, kwa hivyo leso ya kitandani si suala la mazoea ya nyumba.

Kuna somo ambalo mkufunzi wa nje hatalikumbuka. Kilifi hii wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi, na Kaya Godoma kule Ganze ipo kuwahifadhi waliofukuzwa makwao kwa tuhuma hizo. Bibi anayezungumza peke yake usiku na kumkwaruza mlezi, mlezi akitoka hapo akaenda kusimulia mtaani kwamba "yule ana mambo", umemweka bibi huyo hatarini siku atakaporudishwa kwa wanawe. Wafunze dimensia ni ugonjwa wa ubongo, waulize waziwazi wanaamini nini, na maneno "mchawi" na "mapepo" yasitumike ndani ya nyumba wala kwenye daftari.

Aliyepigwa akae chini, anywe chai, atibiwe, na usimuulize mbele ya wenzake "ulimfanya nini?" Ukimuuliza hivyo, wa pili hataripoti. Mabinti wengi hawasemi wanaposhikwa vibaya na wazee wa kiume, hilo ulitaje wewe kwanza. Sheria ya WIBA ya 2007, ya fidia kwa wanaoumia kazini, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Kagua kama yako ipo.

Muda: nusu siku darasani inatosha kuanzia, kisha msimamizi asimame nao bafuni asubuhi kadhaa, kisha mazoezi mafupi kila mwezi, la sivyo mwili unasahau. Lakini umeandika kwamba usiku mlezi huwa mmoja kwa wazee wote. Hapo hata mimi sina la kufunza. Hizo pesa za mwalimu wa karate zianzie mshahara wa mtu wa pili wa usiku.