Disney World Juni hapana, bora Septemba

Dada uliyeuliza kama Juni inafaa kuwapeleka watoto Disney World, yale mabustani ya michezo kule Florida, Marekani, kwa vile shule zetu zinakuwa zimefunga, mi nakushauri usiende aisee, maana na wao Marekani wanakuwa likizo na tiketi za pale bei inabadilika kwa tarehe, hoteli vilevile, foleni ndo usiseme. Vuta mpaka Septemba, ikishapita ile sikukuu yao ya wafanyakazi Jumatatu ya kwanza, watoto wao washarudi darasani, na huku kwetu kuna ile likizo fupi, ongea na mwalimu akuongezee siku. Ila vimbunga Florida ni Juni mpaka Novemba, kata bima kabisa. Na kutoka Dodoma mpaka Dar panda treni ya SGR tu, hela ya ndege watunzie watoto.